Okidi Zilizolala Bondeni

Zuhura binti Abdallah alizaliwa katika kijiji kimoja juu ya Lushoto, njia ya kwenda Shume. Alikuwa mkubwa wa wasichana wawili. Nyuma yake alikuja Halima, aliyelala naye kitanda kimoja hadi siku Zuhura alipoolewa. Baba yao alipogawa mashamba, Halima alipata mteremko wenye jua, pazuri kwa mahindi. Zuhura akapewa kiwanja cha nyumba na kona ya bondeni kando ya kijito, mahali pasipokauka, ambapo mahindi huishia kuwa ya njano. Hakulalamika.

Mumewe, Mbaraka, alikuwa kibarua wa msitu kule Shume. Mwaka mmoja baada ya Uhuru yeye na wenzake walipelekwa kulima uwanda wa majani wenye unyevu ili ipandwe misonobari. Uwanda ulikuwa umejaa okidi. Si zile zinazoning'inia juu ya miti, bali zile zinazoota ardhini: shina moja wima, maua ya rangi ya waridi yamepandana hadi kileleni, kila ua na mikia miwili midogo kwa nyuma. Mbaraka aliona vibaya kuzipitishia jembe zote. Akachimbua chache, akazifunga katika gunia, akamletea mkewe.

Za kwanza Zuhura aliziua kwa mapenzi. Alizitilia samadi ya mbuzi kama anavyotilia mboga, zikaoza. Akamtuma Mbaraka tena, na safari hii akataka udongo mwingi wa kulekule, mweusi, wenye mizizi ya nyasi, asiuongezee kitu. Zikashika. Halima ndiye aliyemsaidia kuchimba mfereji wa kupunguza maji, na kila mwaka, masika yakielekea kwisha, alikuja na wanawe kutazama maua yanavyofunguka. Waliketi kwenye majani wakicheka, wakiongea Kishambaa cha utotoni mwao.

Baadaye Mbaraka alishuka Magoma kufanya biashara, akaoa mke mwingine huko, na kupanda kwake mlimani kukawa kwa nadra. Zuhura akabaki na bintiye Salma, na kona ya bondeni ikazidi kujaa okidi. Majirani walimwona ana kichaa kidogo. Yeye alikwishazoea tabia za mimea yake. Alijua kwamba kila mmoja una viazi viwili chini, kimoja kizee kinachonywea na kingine kipya kinachojaa. Alijua pia kuwa kiangazi majani hupotea kabisa, na asiyejua akipita huona udongo mtupu.

Ikafika mwaka wa sabini na nne, mvua zikagoma. Watu walikula unga wa njano wa msaada, na huo nao kwa foleni. Ikatangazwa kilimo cha kufa na kupona. Kamati ya kijiji ikapita shamba kwa shamba, na ardhi iliyolala ikawa inapewa atakayeilima. Halima alikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Mumewe alikuwa mgonjwa wa kifua, mahindi ya mteremkoni yalikuwa yamekauka yote, na wanawe walikuwa wameanza kuvimba miguu.

Kamati ilifika bondeni mwezi wa tisa.

"Mama Salma, shamba hili mbona limelala?" aliuliza Saidi, mwenyekiti.

"Halijalala, Ndugu Mwenyekiti. Kuna okidi chini. Mvua ikinyesha zitatoka."

Saidi akataka kuziona. Zuhura alipiga magoti, akafukua kwa vidole, akaonyesha viazi viwili vidogo kiganjani. Saidi hakutaka kumwonea. Alivigeuzageuza, kisha akamwuliza Halima, kwa kuwa yeye ni ndugu na anapajua mahali hapo, kama kweli pamepandwa kitu.

Halima alitazama kile kiganja. Akasema, "Hapajapandwa kitu. Ni nyasi za porini."

Zuhura angeweza kuutaja mfereji, angeweza kuwataja watoto walioketi hapo wakichekea maua. Badala yake alivirudisha viazi ardhini, akavifukia, akasimama. Kona ile ikapewa Halima.

Alfajiri yake Zuhura alikwenda kwa jirani kuazima matenga, akiwa na nia ya kuhamishia uani chochote atakachowahi. Aliporudi, majembe yalikuwa yamekwisha kupita. Bonde zima lilikuwa limepinduliwa. Watoto wa Halima walikuwa wamewasha moto pembeni, wanachoma vile viazi kwenye majivu. Kitinda mimba, mtoto wa kike, alimwona, akamnyooshea kimoja kwa mikono miwili.

"Mama mkubwa, karibu."

Zuhura alikipokea. Akakila chote mbele yake, kwa sababu mtoto mwenye njaa akikukaribisha huna pa kukataa. Hakikuwa na ladha yoyote.

Halima alisimama na jembe lake. "Dada, watoto wana njaa."

"Ungeniomba," alisema Zuhura. "Ningekupa."

Akachukua matenga yake, akayarudisha kwa mwenyewe.

Kabichi alizopanda Halima pale bondeni zilistawi kupita za wote. Mfereji ulifanya kazi yake, na kiangazi kilichofuata, mashamba mengine yaliponyauka, bonde lilibaki kijani. Watoto walipona. Kijijini ilisemwa kwamba kamati iliamua vema, na Zuhura, akiwatazama wale watoto wakikimbia, hakuweza kusema waliosema hivyo wanakosea. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Angekuwa amedhulumiwa bure, angelia, akapumua.

Halima alimpelekea kabichi. Zuhura alizikatia mbuzi mchana kweupe, njiani, kila mtu akiona. Mbaraka alipopanda kutoka Magoma akajitolea kumtafutia okidi nyingine, mkewe alimwambia asijisumbue. Uani akapanda maharage.

Waliishi hivyo miaka mingi, nyumba zao zikitazamana. Kila asubuhi Halima, akienda bondeni, alisimama mlangoni pa dada yake akasema shikamoo. Zuhura aliitika marahaba, kwa kuwa mkubwa hanyimi mdogo itikio. Halima alisubiri kidogo, pengine aulizwe habari za watoto. Kisha akajitwika tenga lake, akashuka.