Otilia na Mteremko wa Ngoro

Tangu dada yake Restituta avunjike nyonga, akalala kitandani miezi mitatu hadi wakamzika, Otilia aliuogopa mteremko wa shamba lake pale Matiri kuliko kifo chenyewe. Mwanamke aliyechimba ngoro tangu usichana, yale mashimo yanayozuia mvua isichukue udongo wa mlimani, sasa alishinda barazani na blanketi magotini, jembe kamwachia binti yake Hilda. Mvua ikinyesha, moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi.

Asidhaniwe mvivu. Kwa akili yake alikuwa akijikinga. Alinunua vidonge vya mifupa dukani kwa Masoudi, akavimeza kwa imani ya mtu anayepokea komunyo. Usipa, vile vidagaa vya ziwani vilivyoletwa kutoka Lipingo, aliukata vichwa, akautoa miiba, akawatupia kuku, maana aliogopa kukwamwa kooni. Kuku wakanenepa. Yeye akaanza kutetemeka miguu kwa kwenda chooni tu, na hofu ikazidi.

Hilda akampeleka zahanati. Nesi Dorothy alimwamkia, akamsikiliza hadi mwisho.

“Mama, marehemu aliangukia wapi? Shambani?”

“Jikoni. Alikuwa anainuka kigodani.”

“Na shamba alikuwa ameliacha lini?”

Otilia akahesabu miezi kwa vidole. Mwaka na ushei kabla ya kuanguka. Akatambua kuwa siku zote hizo alikuwa akifuata nyayo za dada yake huku akidhani anazikimbia.

Nesi akamweleza kwamba mfupa unataka chakula na unataka kazi. Usipa autafune mzima na vimiiba vyake, mboga za majani asikose, jua limpate, na mwili aubebeshe uzito kidogo kidogo. Vidonge ni msaada tu, havitembei kwa niaba ya mtu.

Asubuhi iliyofuata alisimama juu ya mteremko, umande haujakauka. Aliogopa, wala hakuficha. Hilda akanyoosha mikono yote miwili amteremshe kama mgonjwa.

“Nishike mkono mmoja tu,” Otilia alimwambia. “Usinibebe. Dada nilimkalisha mimi mwenyewe, nikamnyang'anya jembe kwa kumpenda.”