Punje Tatu

Nilipokuwa mtoto huko Kongwa, Waingereza walilima karanga hadi upeo wa macho, na nyumbani kwetu karanga ilikuwa mwiko. Baba alikuwa kibarua katika mashamba hayohayo, na kila jioni Bibi alimsimamisha nje akung'ute nguo kabla ya kuingia ndani. "Nyumba hii haili karanga," Bibi alisema. "Anayekula, koo linafunga." Ukimuuliza kwa nini, alikutazama tu, kisha akakutafutia kazi ya kufanya.

Nilikuwa na miaka kumi na kichwa kigumu. Watoto wa jirani walikula karanga na makoo yao yalikuwa mazima, na walitucheka. Siku moja nikaomba konzi moja ya karanga kwa rafiki yangu, nikajificha nyuma ya tembe letu, nikala zote. Kutwa nzima nilijipapasa shingo kwa hofu. Hakuna kilichovimba. Kesho yake nikala tena, na safari hii hofu iligeuka kiburi. Kumbe Bibi alikuwa anatutisha tu.

Ndipo nikampa Penina, mdogo wangu wa miaka sita. Punje tatu. Nakumbuka zilikuwa tatu kwa sababu nilikuwa mchoyo.

Kwanza alijikuna midomo. Nikamwambia aache utani. Mara macho yakavimba, ngozi ikatoka mabaka, na kifua kikaanza kupiga mluzi kila alipovuta pumzi. Nilimkokota hadi uani, ambako Bibi alikuwa anatwanga mtama. Mchi ulimdondoka.

"Amekula nini?"

"Sijui, Bibi."

Aibu ya neno lile ninayo hadi leo. Penina alinitazama, kusema hakuweza. Bibi alinishika mabega, na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

"Yudithi, mwiko hauondoki mpaka aliyeuvunja autaje kwa kinywa chake. Taja."

"Karanga. Nimempa mimi."

Nilitegemea kofi. Bibi alipiga funda la maji kwenye kibuyu, akampulizia Penina usoni, akanena maneno mawili matatu kwa Kigogo, kisha akambeba mgongoni kwa kaniki na kutoka mbio kuelekea zahanati. Nilimfuata nikilia, masikio yangu yote kwenye ule mluzi. Kila ulipofifia nilidhani amekufa.

Dresa, mhudumu wa tiba wa pale, alimsikiliza kifua. "Hii pumu. Nitampa vidonge, mrudi nyumbani."

"Si pumu, mwanangu. Ni mwiko umevunjwa," Bibi alisema huku akihema.

Dresa alikunja uso. "Bibi, hapa ni zahanati."

Bibi akanigeukia. Ikabidi nitaje mara ya pili, tena mbele ya mgeni. "Alikula karanga. Nilimpa mimi."

Dresa aliviacha vidonge. Alisema aliwahi kumwona mtu aliyeumwa na nyuki akifungwa koo vivyo hivyo, akachukua sindano na kumchoma Penina. Tukasubiri. Nilihesabu pumzi zake, maana sikuwa na jingine la kufanya, mpaka mluzi ukapungua na yeye akaanza kulia kwa sauti. Sijapata kufurahia kilio namna ile.

Baadaye nilikuja kuwa muuguzi. Nilijifunza kwamba kinga ya mwili nayo hukosea, ikaiona karanga kama adui, ikapigana nayo mpaka ikamfungia pumzi mwenye mwili wake. Wapo wanaozaliwa hivyo, na wapo wanaonusurika, kama mimi. Nilikwenda likizo na elimu yangu, nikamweleza Bibi yote, nikitarajia atashangaa.

"Si mizimu, Bibi. Ni mwili tu."

Aliendelea kuchambua mlenda.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema mwishowe. "Nilimpa mimi. Waliponiuliza amekula nini, nikasema sijui."

Nikakaa chini, nikamsaidia kuchambua. Penina leo ana wajukuu. Kwangu karanga haiingii, ingawa mimi ningeweza kula gunia zima. Na miaka yote ile nilidhani mikono ya Bibi ilitetemeka kwa hasira.