Spika Niliyoichana kwa Wembe

Wewe unayejifunza gita, sogea nikueleze. Siku yangu ya kwanza katika bendi ya kiwanda kimoja cha nguo cha Temeke sikukabidhiwa gita, nilipewa fomu ya ajira. Enzi zile vyombo vilikuwa mali ya kiwanda, na mpiga gita aliajiriwa kama alivyoajiriwa fundi cherehani. Kiongozi wa Bendi alinikagua vidole, akasema, "Hapa tunapiga kwa nguvu, kijana. Aliye nyuma ya ukumbi asikie tumboni."

Nguvu niliipenda. Tulikuwa tumesikia santuri za roki na tukataka gita likwaruze, lakini kifaa cha kukwaruzisha sauti hakikuwapo madukani. Basi nikachukua wembe, nikaichana ile karatasi nyeusi inayotetemeka ndani ya spika. Gita likalia kama bati linaloburutwa. Ukumbi ulipagawa.

Nyumbani, hata hivyo, nilitunga nyimbo laini. Nilizifanyia mazoezi na Somoe, mfumaji wa pale kiwandani aliyeimba, na mumewe Hamisi aliyepiga besi. Hatimaye nikaenda kwa Kiongozi wa Bendi kuomba ruhusa.

"Shikamoo, mzee. Tunataka kurekodi nyimbo mbili redioni, kwa jina lingine."

"Marahaba. Umetuchoka?"

"Hapana, mzee. Hizi haziingii kwenye bendi."

"Za kubembelezea watoto!" Alicheka sana. "Haya, nendeni. Zikikataliwa, nisizisikie tena hapa."

Kurekodi wakati huo kulikuwa hivi: wote mnapiga pamoja, tepu inazunguka, mmoja akikosea mnaanza upya. Fundi mitambo alitusikiliza mara moja, akatoka chumbani kwake.

"Huyu dada anaimba, au anachezesha midomo?"

Spika yangu ilikuwa inammeza. Nilipunguza sauti, ikaendelea kukwaruza. Karatasi iliyochanika haiponi. Muda wetu ulikuwa unakwisha.

"Kaka, mie siwezi kugombana na bati lako," Somoe akasema. "Chagua, wimbo au spika."

Nikachomoa waya. Gita la umeme bila waya husikika kama mbu, kwa hiyo fundi alishusha maikrofoni hadi karibu na nyuzi. Somoe akainama, akaimba juu ya bega langu. Hamisi tulimsogeza mbali, ukutani, besi yake isitufunike. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Somoe akivuta pumzi kabla ya kila mstari, nami nikawa namsubiri. Kila wimbo tulipiga mara moja tu, fundi akainua kidole gumba.

Wimbo wa kwanza ulipopigwa redioni tulikuwa kwenye kantini. Kiongozi wa Bendi aliacha kutafuna.

"Ni wewe huyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe kunyamaza unajua. Jumamosi uje na kelele zako kama kawaida."

Nilipiga muziki wa aina zote mbili hadi nilipostaafu. Vijana huniuliza upi ulikuwa muziki wangu wa kweli. Ule wa makelele ulinilisha na niliupenda, siutukani. Lakini kazi ya gita niliielewa siku ile nilipokaa na bega la kushoto likiwa na joto la pumzi ya mtu.

Kesho kwenye mazoezi, chomoa waya, keti karibu na mwimbaji wako, mpige pamoja wimbo mzima. Usipomsikia akivuta pumzi, piga kwa sauti ndogo zaidi.