Nyongeza ya Nyumba ya Hurlingham

Jambo lote lilinigharimu shilingi elfu tano na mia nane, mia tatu za wakili mwenye ofisi ghorofa ya tatu katikati ya mji, nauli ya basi, na ndugu mmoja. Nimehesabu mara mbili. Pesa hutoka sawa kila mara. Ndugu ndiye sijui nimwandike wapi.

Wakati huo nilikuwa nauza maharagwe na njugu Soko la Kenyatta. Mume wangu alikuwa ameshaniacha kwa sababu ambazo ni hesabu nyingine. Nilikuwa na kipande cha meza, mkebe wa kupimia, na mdomo. Mkebe ulikuwa wa haki. Faida ilitoka mdomoni.

Mdomo niliurithi kwa baba. Baba alikuwa fundi wa plasta na rangi, aliyekuja Nairobi kutoka magharibi akiwa kijana, akapaka nyumba za watu kwa miaka zaidi ya ishirini bila kulala ndani ya hata moja. Uhuru ulipokuja, mzungu mmoja wa Hurlingham alikuwa akifunga mizigo kwa hofu, na baba ndiye aliyekuwa amempakia rangi kuta zake mara tatu. Mzungu alitaka elfu thelathini. Baba akakaa kimya, akaangalia dari. Mzungu akasema ishirini na tano. Baba akaendelea kuangalia dari. Walimalizia elfu kumi na nne, na hadithi hiyo tuliila pamoja na ugali kwa miaka mingi. Tulicheka kila mara. Hakuna aliyeuliza uso wa yule mzungu ulikuwaje.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama alifariki yeye akiwa na miaka sita, mimi kumi na tano. Nilimbeba, nikamlisha, nikamfundisha kuhesabu kwa maharagwe. Kuhesabu alijua. Kupatana bei hakujua kamwe. Ukimtuma nyanya za senti thelathini, anarudi na nyanya za senti thelathini, hata moja ya juu hakuna.

"Hukuomba nyongeza?" namuuliza.

"Dada, yule mama alikuwa ameshachoka."

Kwa asiyejua soko letu: bei ikishakubaliwa, mnunuzi husema "na nyongeza?", na muuzaji hutupia kiganja kimoja juu ya kipimo. Si wizi, wala si zawadi. Ni namna ya kusema tumeachana vizuri.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulimpeleka nyumbani, tukamzika. Siku ya tatu tukakaa kunyolewa nywele kama ilivyo desturi, na baada ya kunyoa, mali ya marehemu ikatajwa mbele ya watu. Baba mdogo alisimama na kofia mkononi. Koti kwa huyu, ng'ombe kwa yule. Halafu akasema, "Nyumba ya Nairobi ni ya hawa wawili. Aliniambia mwenyewe. Wawili, sawa kwa sawa." Watu wakaguna kwa kuwa mimi ni mwanamke. Mimi sikuguna. Nilikuwa tayari nagawanya vyumba vinne kwa watu wawili.

Wiki mbili baadaye tulikuwa ndani ya nyumba yenyewe, sebuleni, watu watatu: mimi, mdogo wangu, na baba mdogo aliyekuja kuwa shahidi. Wapangaji wa baba walikuwa wamehama. Mdogo wangu alikuwa seremala wakati huo, fundi mzuri asiye na vifaa vyake mwenyewe. Alizunguka akigonga fremu za milango kwa kidole, anatabasamu.

"Dada, tukae wote hapa," akasema. "Wewe chukua ule upande wa jua. Mimi nitaweka karakana hapo nyuma."

Lilikuwa neno zuri. Hata wakati ule nililisikia kuwa ni zuri. Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshafika mbali: atakuja mke, watakuja watoto, watakuja ndugu wa mke, na mimi nitakuwa shangazi wa chumba cha nyuma ndani ya nyumba niliyoihesabu mwenyewe. Nikasema, "Kitu ya watu wawili ni kesi. Niuzie nusu yako."

Akaniangalia. "Nikuuzie?"

"Taja bei."

"Dada, mimi sijui bei ya nyumba ya baba."

"Taja tu."

Akasema elfu kumi, na nilijua ameitoa hewani, kwa sababu ndiyo namba kubwa aliyoweza kuitamka bila aibu. Nami nikafanya nilichofanya kila siku kwa miaka minane. Nikacheka.

Halafu nikaanza kutafuta kasoro. Mabati ya jikoni yana kutu. Mfereji wa nyuma umeziba. Rangi inabanduka, na hiyo ni nyumba ya fundi wa rangi! Baba mdogo akacheka hapo, na kicheko cha shahidi ni mafuta kwenye moto. Nikafungua mlango wa chumba cha pili, nikaonyesha ukutani.

"Na hii ufa?"

"Hiyo tuliziba na baba," akasema. "Mimi na yeye. Nilishika ndoo."

"Ndiyo nasema. Imezibwa vibaya."

Akashuka hadi elfu nane. Hakubishana, alishuka tu. Nikasema nne. Akasema saba. Nikaangalia dari. Sita na nusu, akasema, bila mimi kufungua mdomo. Nilidhani nashinda. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa anashushwa na hoja zangu. Alikuwa anataka ninyamaze, na kila mia tano ilikuwa bei ya kuninyamazisha.

Tulifika elfu tano na mia nane. Baba mdogo akasema, "Haya, shikaneni mikono." Tukashikana. Na mkono wake ukiwa bado ndani ya wangu, mdomo wangu, ambao sikuutuma, ukasema, "Na nyongeza?"

Mdogo wangu akatabasamu lile tabasamu la kugonga fremu.

"Nyongeza ni undugu, dada. Beba na huo."

Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Nyinyi watu ya Nairobi!" akasema. Nami nilicheka. Mdogo wangu pia alicheka, na ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka.

Alitia sahihi kwa wakili, akachukua pesa bila kuzihesabu, nikamgombeza kwa kutozihesabu. Akashuka ngazi. Krismasi hakuja. Pasaka hakuja. Nilituma salamu kwa watu wa nyumbani, zikarudi salamu, lakini si zake.

Nilihamia Hurlingham. Nilizibua mfereji, nikabadilisha mabati. Ule ufa sikuugusa. Vyumba vitatu nilipangisha, nikabaki na ule wa upande wa jua, na jua lenyewe sikuwa nalo siku sita za wiki kwa kuwa nilikuwa sokoni.

Halafu bei za nyumba upande ule zikaanza kupanda. Mhindi mmoja niliyekuwa nikinunua magunia ya maharagwe dukani kwake mjini alinipa elfu tisini na tano kwa nyumba nzima, taslimu. Nilikataa, lakini nilirudi sokoni nikiigawanya kwa mbili.

"Ulinunua kwa nani, mama?" alikuwa ameniuliza.

"Nusu niliachiwa. Nusu kwa ndugu yangu."

"Bei gani?"

Nilipomtajia, alifunga daftari lake. "Basi hiyo hujanunua," akasema. "Hiyo umenyang'anya, na risiti umepewa." Akaita mtu aniwekee gunia langu nje. Siku hiyo hata senti kumi hakunipunguzia.

Kumbe mdogo wangu hakuwa mbali. Mteja wangu mmoja alimwona upande wa Loresho, ambako matajiri walikuwa wakijenga. Alikuwa na kibanda cha useremala kando ya barabara, akitengeneza milango ya watu. Nikafunga meza Jumatano, jambo ambalo sikufanya hata nilipokuwa na malaria, nikaenda na bahasha ya elfu nne na mia mbili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya bei yake ya kwanza na ile niliyolipa. Niliihesabu mara mbili nyumbani na mara moja ndani ya basi.

Alikuwa anapiga randa. Aliinua uso, akafuta mikono.

"Karibu, mama," akasema. "Unatafuta nini? Meza?"

Mama. Kwa sauti njema, ya heshima, ile ile ambayo angempa mwanamke yeyote aliyeshuka kwenye basi.

"Ni mimi," nikasema.

"Naona. Karibu. Kuna stuli pia."

Mwanamke akatoka nyuma na kikombe cha chai, mtoto mgongoni. Akanisalimia, akamuuliza yeye, "Nani huyu?"

"Mteja. Ametoka Hurlingham."

Yule mama akatabasamu, akambembeleza mtoto aliyeanza kulia, akamwita kwa jina. Jina la baba yetu. Nilikuwa na nyumba yote ya baba, na sikujua kwamba jina lake lilikuwa limeshapata pa kukaa.

Nilichukua stuli kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Alisema shilingi thelathini na tano. Kwa mara ya kwanza maishani nililipa bei niliyotajiwa bila kuomba ipunguzwe. Nilimpa noti ya mia, akanirudishia sitini na tano. Nikaiacha bahasha juu ya mbao, nikaanza kuondoka.

"Mama! Umesahau kitu yako."

"Si yangu. Ni yako."

Akanifuata, akaiweka juu ya stuli mikononi mwangu, taratibu. "Mimi sikudai. Wewe hunidai. Tuko sawa."

Nikajaribu mzaha, kwa kuwa ndiyo silaha niliyozaliwa nayo. "Basi hata nyongeza hakuna?"

Alinitazama usoni, kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama siku ile ya nyumba.

"Nyongeza nilishatoa yote," akasema, akarudi kwenye randa.

Barabarani nilihesabu chenji. Sitini na tano. Nikahesabu tena. Angekosea hata senti kumi ningekuwa na sababu ya kurudi.

Nimeenda mara nne tangu hapo. Nina stuli tano katika nyumba ya mtu mmoja. Bei haijabadilika, na chenji ni sawa kila mara.

Kwa hiyo naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kuuza au kununua. Bidhaa mbovu najua inavyorudishwa, na pesa iliyozidi najua inavyorudishwa. Nyongeza, iliyotolewa kwa mkono mwema mbele ya shahidi, hurudishwaje? Kama umewahi, niambie ulianza na neno gani.