Kuwa Abu Dharri

Nilifika Toronto kwa njia ndefu kuliko ilivyohitajika. Kutoka Mombasa nilikwenda Dubai, nikasukuma mikokoteni ya mizigo mwaka na ushee. Kutoka Dubai nikaenda Afrika Kusini, kwenye duka la vipuri. Huko nako nikachoka, nikarudi Nairobi, nikakaa nikisubiri karatasi mpaka mlinzi wa ubalozi akawa ananiuliza habari za nyumbani kama jirani. Mwisho nikapanda ndege moja, nikalala kwenye viti vya uwanja nisioujua, nikapanda nyingine, nikatokea kwenye mlango wa wanaowasili nikiwa na begi mgongoni na koti la kuazima ambalo mikono yake iliishia karibu na viwiko.

Aliyekuja kunipokea ni Mzee Kiango, mtu wa Muheza kama mimi, ila yeye aliondoka kabla sijazaliwa. Tulikuwa tumezungumza kwa simu tu. Hakuwahi kuniona hata kwenye picha. Watu wamejaa pale, kila mmoja na kibao chake chenye jina la mgeni, na yeye hakuwa na kibao. Alikuwa amekaa kitini, mikono mapajani. Nilipotokea tu, mwisho kabisa wa ukumbi, akasimama akaninyooshea kidole.

"Umenijuaje, Mzee?" nilimuuliza garini.

"Kwa miguu," akasema. "Unatembea kama baba yako. Bega la kushoto linatangulia kama linaomba njia. Tumecheza mpira pamoja, mimi na baba yako, bega lile lilinivunja jino."

Theluji ilikuwa inapiga kioo na mimi nilitakiwa kushangaa. Lakini macho yangu hayakuwa kwenye theluji. Yalikuwa kwenye barabara nyekundu iliyonyooka katikati ya mkonge, na mwisho wa barabara ile kulikuwa na doa dogo linalotembea.

Chuo chetu cha Kurani kilikuwa barazani kwa Maalim Mbaruku, nyumba ya mwisho kabla ya shamba la mkonge. Wa rika langu mtakumbuka mambo yale: mikeka iliyochakaa pembeni, mbao za kuandikia zilizonuka masizi, watoto tunasoma kila mmoja mahali pake kwa sauti ya juu, na Maalim kafumba macho, anamkosoa kila mmoja bila kufumbua jicho. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya makapi ya mkonge kutoka kiwandani, kile tulichokiita korona miaka mingi kabla neno hilo halijaharibiwa na ugonjwa. Msimu wa machungwa tulikwenda chuoni na vidole vya manjano, na Maalim akatunusa mmoja mmoja kabla hajatuachia tuguse msahafu.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine, nami nimeswali kwenye miji mingi. Kila ulipoingia mfungo sita, mwezi wa Maulidi, alimpa kila mtoto sahaba mmoja wa Mtume amtunze mwaka mzima. Ndivyo alivyosema, amtunze. Kujifanya wewe ndiye yeye alikukemea vikali. Ulitakiwa umjue kama unavyomjua mjomba wako: alitoka wapi, alipenda nini, alilia lini. Ukikutana na Maalim sokoni hakukuuliza hujambo. Aliuliza, "Sahaba wako hajambo?" na ole wako usiwe na habari mpya.

Rajabu alipewa Khalid bin Walidi, akaanza kutembea kifua mbele siku ile ile. Bakari, mdogo wetu, alipewa Abu Huraira, yule aliyependa kipaka chake. Kesho yake akaja na paka ndani ya kanzu, na paka akaukojolea mkeka. Mwanaidi alipewa Nusaiba, mwanamke aliyeshika upanga siku ya Uhudi kumkinga Mtume. Wavulana tukapiga kelele.

"Maalim, upanga umempa msichana!"

"Njoo uuchukue basi," Mwanaidi akasema. "Mkono wenyewe huo wa kushikia kijiko."

Ikafika zamu yangu. "Hamisi, wewe nakupa Abu Dharri."

"Alikuwa na upanga, Maalim?"

"Alikuwa na miguu."

Baraza zima likacheka, kwa sababu kutulia kulinishinda. Bibi alikuwa akisema kwamba hata nikilala naelekea mahali. Niliona nimeonewa. Nani alimjua Abu Dharri? Rajabu alikuwa na vita, Mwanaidi alikuwa na upanga, hata Bakari alikuwa na paka.

Ndipo Maalim akanipa habari ya safari ya Tabuki. Jua kali, jeshi linakwenda mbali, na ngamia wa Abu Dharri akamchokea njiani. Akamsubiri, akamsubiri. Alipoona hawezi, akashusha mizigo yake, akaibeba mgongoni mwake mwenyewe, akafuata nyayo za wenzake kwa miguu, peke yake. Wenzake walipokuwa wamepiga kambi, mmoja akaona mtu anakuja kwa mbali sana. Mtume, rehema na amani zimshukie, akatazama upande ule akasema: "Kuwa Abu Dharri." Yaani kama analiomba lile doa la mbali liwe ndiye. Watu wakakodoa macho, akakaribia, na naam, alikuwa ndiye.

"Maalim," Bakari akauliza, machozi yakimlengalenga, "na ngamia alibaki na nani?"

Maalim akafikiri. "Hilo, mwanangu, hata mimi nimelala nikijiuliza."

Mimi nilikuwa na langu. Walimjuaje? Mtu wa mbali hana uso. Ana rangi moja na ardhi. Anayekujua kabla hujawa na uso amekujua kwa kitu gani? Nilimzungusha Maalim kwa swali hilo wiki nzima, mpaka akanionyesha barabara: "Kaa hapo utazame. Utapata jibu mwenyewe."

Nikakaa. Wenzangu nao wakakaa. Na kwa kuwa watoto hawawezi kukaa bure, ukazaliwa mchezo. Baada ya Alasiri, masomo yakiisha, tulipanga miguu ukingoni mwa baraza tukatazama barabara ya mkonge. Doa likitokea, wa kwanza kuita ndiye mwenye haki: "Kuwa Mama Zaina!" "Kuwa mnyapara!" Ukipatia, unapewa pande la chungwa. Ukikosea, unamenya chungwa linalofuata na huli.

Maalim alipotusikia alitoka na bakora. "Maneno ya Mtume mnachezea machungwa?" Tukatawanyika mpaka nyuma ya choo. Wiki ya pili akawa anatusikiliza kutoka dirishani. Wiki ya tatu doa likatokea, sote tukasita, na sauti ikatoka ndani: "Kuwa Seremala Pazi! Anavuta mguu wa kulia!" Akawa ndiye. Maalim akaja kuchukua pande lake la chungwa bila haya. "Ninyi mnataka kunidhulumu mwalimu wenu?"

Basi nikajifunza. Mama Zaina alitembea kama anayehesabu kuku. Mnyapara alitanguliza tumbo. Watu wote wa mtaa ule niliwajua kwa mwendo kabla sijaziona sura zao. Lakini mimi nilikuwa na ugonjwa wangu kwenye mchezo. Kila doa lililotokea, niliita: "Kuwa Baba!"

Baba alikuwa ameacha kazi ya korona akaenda machimboni, kaskazini, kutafuta mawe ya thamani. Alisema atarudi msimu wa machungwa. Msimu ukaja, ukaenda. Mama alikuwa ameshaolewa na mume mwingine Korogwe, mimi nikabaki na Bibi, mama yake Baba, nyumba ya pili kutoka chuoni.

"Hamisi mshamba," Rajabu alinicheka. "Baba yako kila siku anageuka muuza mkaa."

Nilimenya machungwa mengi msimu ule. Sikujali. Nilichojali nilikigundua baadaye. Jioni moja nimeita, "Kuwa Baba!", nikageuka kwa bahati, nikamwona Bibi ametoka mlangoni kwake, kiganja juu ya macho, anatazama barabara. Doa likawa muuza mkaa. Bibi akarudi ndani polepole, akifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Nikaelewa kwamba alikuwa akitoka kila siku. Kila nilipoita, aliacha jiko.

Tangu siku hiyo sikuita tena. Niliona doa, nikauma mdomo. Mwanaidi aliyekuwa hapitwi na jambo alinitazama, akatazama mlango wa Bibi, akanyamaza. Kwake kunyamaza kulikuwa kazi nzito.

Siku hizi nakaa Etobicoke, humo humo Toronto, kwenye jengo moja na Mzee Kiango. Jioni za baridi tunasimama dirishani kwake kutazama wanaotoka kituo cha basi. Kila mtu ni koti jeusi lenye miguu, lakini mzee hakati tamaa. "Kuwa Asha," anasema, akimsubiri binti yake. Mjukuu wake Zuhura anatusikia. Kiswahili anakijua sawasawa, ila majibu anatoa kwa Kiingereza. Aliniuliza kwa nini enzi zetu hatukumpigia tu simu huyo tuliyemsubiri. Nikamwambia hapakuwa na simu. Akanitazama kwa huruma, kama nimesema hapakuwa na mvua. Kisha akainua simu yake, akanionyesha doa la buluu kwenye ramani. Mama yake alikuwa kwenye taa za barabarani, anavuka. Na kweli, dakika moja baadaye Asha huyo, anavuka. Sisi wazee wawili tukawa tumeshindwa, na machungwa hatukuwa nayo. Nililitazama sana lile doa. Linasema kweli kuliko macho yangu. Lakini halina bega, halichechemei, halina haja na mtu wa kulitamani liwe fulani.

Kulikuwa na jambo la sahaba wangu nisilolijua mpaka nilipokuja huku. Mwenzangu wa kazi kwenye ghala la Downsview, Murtaza, mzaliwa wa Dar, alinialika kwenye kituo chao cha dini kule Thornhill. Mimi si wa madhehebu yao, lakini biriani ni biriani, na tena nilisikia mzungumzaji atazungumza Kiswahili. Alikuwa mzee wa Moshi, sauti ya taratibu. Akafika kwenye habari ya Tabuki. Nikakaa vizuri kama mtu anayesikia jina la kwao. Mtu anakuja kwa mbali, "Kuwa Abu Dharri," akawa ndiye. Nilidhani ameishia hapo. Hakuishia. Akaendelea na maneno yanayofuata: Mungu amrehemu Abu Dharri, anatembea peke yake, atakufa peke yake, atafufuliwa peke yake.

Sikula biriani lile vizuri. Murtaza alidhani pilipili imenizidi. Kumbe Maalim Mbaruku alikuwa amenikatia hadithi katikati. Aliyajua maneno yale kama anavyojua Alhamdu, na hakuwahi kuyatamka mbele ya mtoto anayekaa ukingoni mwa baraza akitazama barabara.

Na hapo ndipo nilipozielewa siku zangu za mwisho pale barazani.

Ulikuwa tena msimu wa machungwa. Doa likatokea kwenye mkonge, na bega la kushoto lilikuwa limetangulia. Nililiona kabla ya wote. Nilishika ukingo wa baraza kwa mikono miwili na sikuita. Mwanaidi akanitazama, akangoja, akangoja. Kisha akasimama, akaita kwa sauti ambayo hata kiwandani waliisikia: "Kuwa Baba Hamisi!"

Bibi akatoka, mikono ina tui. Safari hii hakurudi ndani. Akaanza kutembea, bila kanga kichwani, miguu mitupu, kumwendea. Nusu ya njia akasimama. Mama hawachanganyi wanawe, hata wakiwa na bega moja. Alikuwa baba mdogo, Athumani, kutoka Mombasa, na alipomwona mama yake akavua kofia.

Baba alikufa kwa homa kule machimboni. Waliomzika walikuwa wachimbaji wenzake, watu wa makabila mbalimbali, ambao wote kesho yake walikwenda njia zao. Mmoja wao alipopita Mombasa, muda mrefu baadaye, ndipo akaulizia ukoo wetu.

Baada ya matanga ikaamuliwa niende na baba mdogo, nikasome Mombasa. Asubuhi ya kuondoka nikapita chuoni kuaga. Maalim alikuwa peke yake.

"Sahaba wako hajambo?"

"Sijui alivyokufa, Maalim. Hukunimalizia."

"Alikuwa jangwani," akasema, "mbali na mji. Wasafiri walikuwa wanapita, wakaona jeneza njiani. Wakashuka kwenye ngamia zao, wakauliza ni nani. Walipoambiwa, wakalia. Wakamsalia, wakamzika vizuri, kama ndugu yao. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa wanapita tu, Hamisi, wakasimama."

Nikasema, "Ahsante, Maalim," kama mtoto aliyepewa jibu la sahaba. Akanishika kichwa, mkono wake ukakaa pale muda mrefu.

Tukashika barabara ya mkonge, mimi mbele, mzigo wangu mgongoni, baba mdogo nyuma. Nyumba zikawa ndogo. Mchezo wetu ulikuwa wa wanaokuja. Kwa anayekwenda hapakuwa na sheria, na hakuna aliyewahi kula chungwa kwa kumtaja mtu anayeondoka. Nilikuwa nimeshafika pale ambapo mtu hana uso tena niliposikia sauti ya Mwanaidi, mbali, kutoka barazani:

"Kuwa Hamisi!"

Sikugeuka, machozi yasije yakaonekana na baba mdogo. Ila niliendelea kutembea vile vile nilivyotembea siku zote, bega mbele, asije akadhani amekosea.