Radhi za Kwenda Ziwani Peke Yangu

Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikwenda kuomba radhi. Ningenyamaza, ningepanda treni nikaenda zangu Uskochi, nikakodi mtumbwi, nikavua, nikarudi, na mtu asijue. Lakini kwetu Pemba mtu hatoki safari kubwa bila kupita mlango kwa mlango akasema, "Kama nimekukosea, nisamehe." Na mie safari hii niliiona kubwa. Makka nshakwenda, lakini Makka nilikwenda na watu basi zima, tunahesabiwa kila kituo kama kuku wa mnada. Huku nilikuwa nakwenda peke yangu.

Nikaanza kwa jirani yangu hapa Thamesmead, London, tunaegemea ukuta mmoja. Mkenya, nesi, mtu wa kanisa, mwema mpaka anachosha. Nikagonga. "Mwanangu, kama siku moja vitunguu vyangu vimekunukia vibaya, au redio yangu imekukera, nisamehe. Nasafiri."

Akashika kifua. Huyu akisema, sauti inapanda ngazi, haishuki, na bibi kwao ni shosho: "Ai! Ai, Shosho! Kwani daktari amesema aje? Amekupatia muda gani?"

"Siku tatu," nikamwambia, maana siku nilizopanga ni tatu.

"Siku tatu! Yesu wangu!"

Akanikumbatia, akalia, bega langu likarowa. Nikarudi ndani nimefurahi. Nikasema, kumbe napendwa hivi! Sikujua mwenzangu ananizika.

Wa pili shoga yangu wa Tottenham, mtu wa Unguja mjini, na hakuachi usahau kama yeye wa mjini. Huyo nilimpigia simu. Anasemea puani, kama maneno yenyewe yananuka: "Radhi nimekupa, shoga. Nawe nipe zangu. Ila lile sanduku lako la njumu, lenye nakshi za shaba, umeshamwandikia mtu?"

"Sanduku lina nini na safari yangu?"

"Aa, nauliza tu. Mambo haya yakipangwa mapema ni bora."

Hapo ningeshtuka, lakini wapi. Akili yangu yote ilikuwa ziwani.

Na hili la ziwa nilieleze, msije mkasema bibi huyu kazeeka vibaya. Kwetu mwanamke anaingia baharini kwa miguu. Tulikuwa tunatanda dagaa kwa kanga, huyu kashika pembe hii, huyu ile, na pweza tunamtafuta mwambani kwa kijiti. Maji yakifika kifuani, basi, bahari yetu imekwisha hapo. Huko mbele ni ya wanaume. Siku moja nilikaa tu kwenye ukingo wa mtumbwi wa baba, umepandishwa mchangani, haumo hata majini. Baba alikuwa na sauti kama mlango wa ghala: "Wee! Shuka! Mtumbwi haukaliwi na mwanamke, unakimbiza samaki!" Nikashuka. Samaki siku hiyo hakupata, na lawama nikapata mie.

Sasa hapa Thamesmead tuna ziwa, na kila Jumanne kuna Mzungu mmoja anafundisha wazee kupiga kafi. Alikuwa zimamoto, kastaafu, masharubu kama ufagio. Nilikuwa nikipita na mkoba wangu wa sokoni nawaona wazee wenzangu wanazunguka mle kama bata. Jumanne moja nikauweka mkoba chini, nikasema na mie nimo. Wiki ile ile nikakaa mbele mtumbwini, yeye nyuma, na mwezi haujesha akanipa wangu peke yangu. Mzungu yule anasemea tumboni: "Lavli! Lavli, mai dia! Wewe umezaliwa na kafi mkononi!" Nikamwambia nilizaliwa na ufagio mkononi, kafi ni ufagio wa maji tu.

Siku ya kupinduka, maana lazima ujipindue mwenyewe kisha urudi juu, wazee wawili walikataa, wakasema magoti. Mie nikasema bismillahi, nikajimwaga. Maji ya Februari! Nilitoka nikiwa na meno yote bado, nikashukuru. Nikapindua mtumbwi, nikapanda kwa tumbo kama kenge. Mara tatu nikafanya. Mara ya tatu Mzungu hakusema lavli. Kaniangalia, kasema, "Wewe unataka kwenda mahali."

Kweli nilikuwa nataka. Yeye ndiye aliyenambia habari za ziwa hilo la Uskochi, refu, ukishatoka gatini halina nyumba wala barabara, na katikati kuna kisiwa chenye misonobari, mtu anaweza kupiga hema. Majira ya kuchipua ndiyo wakati wa kuvua samaki trauti. Kibali cha kuvua akanisaidia kupata. Kanambia ukimpata samaki mdogo unamrudisha majini. "Unamvua, unamshika taratibu, unamwacha aende." Nikamuuliza, na kumbusu je? Lakini mule wawili kwa siku ruhusa kula, nikasema hao wananitosha, na chumvi na ndimu nakwenda navyo.

Ramani alinipa ya karatasi. Mie kusoma sikusoma, herufi naziona kama sisimizi wanahama. Lakini kofia za viua, vile vitundu vya kuzungushia uzi, nimeshona tangu mdogo, na anayeshona kofia hapotezi tundu. Basi nikachukua kitambaa cheupe, Mzungu anasoma, mie nashona. Ufuo nikaupitisha uzi wa kahawia. Miamba iliyojificha, fundo. Mahala pa kutia nanga mtumbwi, kiua kimoja. Upande unaopiga upepo wa magharibi nikashona mistari ya kulala. Kwa wiki tatu ramani ikaisha. Kisha nikafumba macho nikaipitia kwa kidole kutoka gatini mpaka kisiwani, mpaka nikawa naweza kuisema kama Alhamdu.

Mwenye mitumbwi kule naye tulikubaliana kwa simu. Mtandao hamna, basi kila asubuhi natundika kanga mtini. Ya njano, mie mzima. Nyekundu, njoo unichukue. Ana darubini. Kanambia kwa ile sauti yao ya Kiskochi, kama mtu anasukutua maji ya moto, kwamba atatazama kila siku akimaliza chai.

Mambo yote tayari. Imebaki tiketi tu, na tiketi anakata binti yangu kwa simu yake. Ndio maana radhi yake nikaiweka ya mwisho.

Hakuningoja. Alhamisi mchana nasikia kengele. Nafungua, shoga yangu wa Tottenham na sufuria ya pilau. Nyuma yake wanawake sita, wengine siwajui. Jirani yangu Mkenya yuko hapo na Biblia. Binti yangu katoka Hounslow na sare ya kazi, anafanya kazi uwanja wa ndege, macho mekundu.

"Mama. Kwa nini hukuniambia unaumwa?"

"Nani anaumwa?"

Ikabidi nieleze. Nikatoa na kafi nililopewa, nikawaonyesha. Shoga yangu kaitazama sufuria yake: "Sasa mimi nimepika pilau la msiba kwa mtu anayekwenda kuvua?"

"Lipakue tu, halijui tofauti."

Tukala. Na wakishaanza kula, kilio kikageuka. Peke yako? Hakuna aliyetaka kufuatana nawe? Basi tutakusindikiza! Mmoja ana shemeji yake mwenye basi dogo. Mmoja kasema ataleta mkeka. Jirani naye: "Shosho, mimi nitachukua ofu kazini. Si utaniweka tu hapo nyuma kwa boti?" Kabla chai haijamiminwa walikuwa watu tisa wanakwenda Uskochi na sufuria, na mie nshakuwa mpishi wao.

"Hapana," nikasema. "Nakupendeni. Hapana. Nikirudi nitakupikieni. Kwenda, nakwenda peke yangu."

Shoga yangu kavuta pua: "Haya, bibi wa visiwani. Na jini la ziwani likikutaka?"

"Litakuta nimeshavunja ungo zamani, litaniacha."

Wakacheka, wakavaa viatu, wakaondoka mmoja mmoja. Binti yangu hakucheka. Kabaki kasimama jikoni.

Huyu akikasirika anazungumza kama tangazo la uwanjani, kila neno na kituo chake. "Mama. Tiketi sikati. Ukienda, nakwenda na wewe. Nitakaa hoteli, ng'ambo. Sitakusumbua."

"Ukiwa ng'ambo sitakuwa peke yangu."

"Kwa nini lazima iwe peke yako?"

"Kwa sababu tangu nizaliwe sijapata kulala mahali ambapo hapana mtu wa kuniita. Kwa baba, kwa mume, kwa Wazungu niliowasafishia, kwenu nyie. Nataka niamke nisikie nani ataniita."

Nikamtandazia kile kitambaa mezani. Kaweka kidole kwenye kiua. "Hapa upepo ukigeuka?" Nikafumba macho, nikamwambia: narudi nyuma ya kisiwa, mawe mawili kushoto, nikiyapita nimo kwenye utulivu, nangoja. "Na hapa?" Nikamwambia. Kaniuliza mara sita, na mara sita nikajibu. Nikamwona mabega yameshuka. Nikajua kuhusu maji keshaniamini.

Basi nikamwomba. "Mwanangu, kama nimekukosea, nisamehe."

"Sikusamehe."

Lo. Hilo sikulitarajia. Na bila radhi yake siendi, hilo najijua. Ningekaa kisiwani nasikia neno hilo tu.

"Una nini moyoni?"

Kasema polepole, na sauti ya tangazo imemtoka, imebaki ya mtoto wa miaka saba. "Ulipokuja Ulaya uliniacha kwa bibi. Uliniambia unakwenda sokoni. Nilikaa barazani mpaka magharibi. Na kesho yake pia. Miaka minne, Mama, nilikuwa nikisikia mtu anakwenda sokoni, nalia."

Na kweli nilimwambia hivyo. Niliona bora asilie mbele yangu, kwa sababu akilia ningebaki. Nikadhani kasahau. Sikuwa na sauti ya mtu ya kuiga hapo, wala maneno ya kuchekesha. Nikamwambia, "Nilikudanganya. Nilimwogopa mtoto wa miaka saba, nikamkimbia. Leo sikudanganyi. Nakwenda ziwani. Siku tatu. Nakuaga usoni."

Kakaa kitako. Kanywa chai yote, imeshapoa. Mie nikaosha sufuria ya watu ili mikono ipate kazi.

"Ya soko sijakupa," akasema mwisho. "Labda siku moja. Ya ziwa nimekupa."

"Nimeipokea."

Katoa simu, kavaa miwani, kafungua mambo ya treni. Kidole kinakwenda juu na chini. "Viti vipo. Unataka cha dirishani au cha njiani?"

"Dirishani," nikamwambia. "Na kimoja."

Kaniangalia juu ya miwani. Kakata kimoja.