Rauta Dirishani kwa Jirani

Baba alizikwa kijijini mshono wangu wa upasuaji wa kujifungua ukiwa na siku nane. Daktari alinikataza safari ya basi na mtoto mchanga, kwa hivyo mume wangu alienda peke yake, akaahidi kunionyesha mazishi kwa video ya simu. Shida ilikuwa chumba chetu, cha mwisho kabisa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, hapa Kawangware 46. Ni mabati pande zote. Mtandao wa simu humo ndani hukatika ukijisikia, na Wi-Fi ambayo mwenye ploti alituruhusu kutumia ilitoka kwake getini ikafika mlangoni kwetu imechoka.

Dada yangu anafanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti, kule mtaa wa Ayany. Asubuhi ya mazishi alikuja na rauta kuukuu ndani ya mfuko wa unga, akakaa na laptopu yake akiibadilisha ili ipokee Wi-Fi ya getini na kuirusha mbele. Nikamwonyesha soketi yangu.

"Hapa kwako haiwezi saidia," alisema. "Itarusha nini na yenyewe haishiki? Lazima ikae katikati."

Katikati palikuwa dirishani kwa jirani niliyenuniana naye tangu Pasaka kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Mimi nikinuna, hununa kweli. Nilikuwa nimeapa sitabisha mlango ule hata ploti ikiungua. Nilibisha. Nikaanza kueleza mambo ya rauta, nikashindwa, nikasema tu, "Baba yangu anazikwa leo."

Alichomoa redio yake kwenye soketi. "Leta," alisema.

Ikafanya kazi! Saa saba mchana niliwaona wote: hema, Mama kitini, jeneza. Wanawake wa ploti walijaa kitandani na sakafuni, mmoja akanishikia mtoto. Pasta aliomba weee, hadi nikatamani kumnyamazisha. Kisha wanaume wakashika kamba, jeneza likaanza kushuka.

Picha ikaganda, Mama mdomo wazi. Nilitikisa simu kama mjinga. Nikatoka, mkono tumboni, mshono ukiniwaka, na kabla sijafika nikaona dirishani kwa jirani taa ya kijani ya rauta imezimika. Hasira zote za tangu Pasaka zikanipanda. Amenifanyia makusudi huyu! Nilikuwa na tusi tayari mdomoni.

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye soketi yake ya pekee alikuwa amechomeka jagi la umeme, na maji yalikuwa yanaanza kuvuma. Vikombe vilivyokusanywa kutoka vyumba vyote vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, mkate ukiwa umekatwa na kupakwa siagi.

"Pole sana, mama," alisema. "Nimechomoa kidogo tu maji ichemke. Watu wako wamekaa tangu asubuhi bila chai. Mmemaliza kuzika?"

Huko nyumbani walikuwa wakimwaga udongo wakati huo huo, na mimi nimesimama mbele ya vikombe.

"Ndiyo," nilimwambia. "Tumemaliza."